Bata Aliyekohoa Mara Mbili

Eveline alikuwa na ugomvi na kila kiumbe kilichopita kwenye kioo cha televisheni, na mapenzi nayo yalimwingia kwa mlango huohuo wa ugomvi.

Alikuwa fundi cherehani, mwenye meza yake kwenye baraza moja jirani na soko la Ifakara. Umri wake miaka ishirini na miwili, mrefu, mweusi wa kung'aa, na macho yake yakikutazama unaanza kukagua vifungo vyako. Siku sita za wiki alishona sare za shule na magauni ya komunyo. Siku ya saba, misa ikishakwisha, alikwenda Lipangalala kwenye banda la video, akakaa benchi la pili na kukunja mikono kama mkaguzi wa shule.

Sinema za kupigana hakuzitaka. Alitaka vichekesho na katuni, na juu ya hivyo alikuwa na maoni mengi kuliko padri juu ya dhambi.

"Watazame hawa wanyama," alimwambia shoga yake Stumai, muuza vitumbua, aliyekaa naye benchi moja kila Jumapili. "Kila mmoja ana shati, hakuna mwenye suruali. Fundi wao kala nusu ya kitambaa."

"Ni wanyama, Eveline."

"Kama ni wanyama, shati la nini?"

Vile vichekesho vya Wazungu wanaoshinda sebuleni, huyu anaingia huyu anatoka, ndivyo vilivyomchosha kabisa. Si wao waliomchosha, ni wale watu wanaocheka nyuma ya ukuta. "Mtu hajamaliza kusema, wao wameshacheka. Mimi kicheko nataka nikitafune mwenyewe, sitaki cha kutafuniwa. Halafu mbona hawaonyeshwi? Siku moja kamera igeuke tuwaone. Wamekaa wapi, wanakula saa ngapi, nani kabaki na watoto wao?"

Stumai akampa kitumbua atafune. 

Sasa, mikanda ile ilikuja na lugha za huko ilikotoka, na bandani hakuna aliyezijua. Ndiyo maana palikuwa na mtafsiri. Huyo aliitwa Gosbert, kijana mwembamba mwenye shingo ndefu na sauti zaidi ya ishirini. Alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, mkononi ana mwanzi wa kuonyeshea picha, na akamsemea kila mtu: mwanamume, mwanamke, mbwa, hata mlango ukilia. Lugha zile yeye mwenyewe hakuzijua hata neno. Alitazama midomo, akatazama macho, akajaza yaliyobaki kwa akili yake na habari za Ifakara.

Siku ya kwanza Eveline kufungua kinywa ilikuwa Januari. Mama mmoja kwenye kichekesho alimwendea mgeni mlangoni, na Gosbert akamsemea kwa sauti nyororo: "Karibu chai, mgeni wangu."

"Hakusema hivyo," Eveline akasema.

 Gosbert akageuka. "Alisemaje, dada?"

"Sijui. Lakini mtu aliyekunja uso vile hakaribishi chai. Huyo anauliza ile sufuria yake mliyoazima iliishia wapi."

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Na Gosbert akafanya jambo ambalo mtafsiri halifanyi: akasimamisha deki, akarudisha mkanda nyuma, akasema upya, safari hii na sufuria. Kicheko kilikuwa mara mbili ya kile cha kwanza. Tangu siku ile, kila akitaka kujua kama amepatia, hakutazama umati. Alitazama benchi la pili. Eveline akiitikia kwa kichwa, anasonga mbele. Akikunja uso, anaongeza chumvi.

Wiki ya tatu akaja kwenye meza yake ya cherehani na suruali mkononi.

Eveline akaigeuza huku na huku. "Hii ni nzima."

"Nishonee mfuko."

"Ina mifuko minne."

"Wa tano, dada. Nina kitu sijui nikiweke wapi."

Hakusema ni kitu gani, na Eveline hakuuliza. Alishona ule mfuko kwa ndani, upande wa kushoto, unaofika moyoni mtu akikaa amejikunja, na siku ile sindano ilimchoma kidole mara tatu, yeye ambaye hakuchomwa tangu darasa la saba.

Mapenzi yao hayakuwa shida. Shida ilikuwa Mzee Raimundi, baba yake Eveline, katekista wa Lumemo, mtu mwenye kofia ya pama na neno lisilorudi nyuma. Barua ya posa ilipofika, ikiletwa na mshenga Mzee Fulgensi kwa heshima zote, aliisoma akiwa amesimama.

"Kazi gani hiyo," aliuliza, "ya kukaa gizani na kuwasemea watu ambao hawakukutuma?"

Upande wa pili alikuwapo Theodori, karani wa ghala, aliyemtaka Eveline vilevile. Theodori alikuwa na baiskeli yenye dinamo, viatu viwili vya kung'aa, na uchangamfu wa gunia la mpunga. Mzee Raimundi alimsifu sana. Akamwambia mshenga wa Gosbert aje kuchukua jibu Jumapili ya pili ya Juni, saa kumi na moja jioni.

Na Jumapili hiyo ilikuwa leo.

*

Asubuhi ile, waliporudi kutoka misa, Mzee Raimundi alitangaza anakwenda ng'ambo ya mto, Lupiro, kuwaona wagonjwa. Akapanda baiskeli, pama kichwani, akaondoka bila kumtazama binti yake.

Uani alibaki Bibi Digna, mama yake Raimundi, anapeta mchele mpya kwenye ungo. Alikuwa bibi wa miaka themanini, mwenye meno matano na yote anayatumia.

"Mke mwenzangu," akamwita Eveline, "leo umejipaka mafuta mpaka kisigino. Mume wetu kafufuka?"

"Bibi, leo baba anajibu barua."

"Najua. Juzi na jana anageuka kitandani kama perege kwenye kikaango."

"Atakataa."

"Atakataa," Bibi akakubali, akapuliza pumba. "Na mwenyewe hajui kwa nini anakataa. Mimi niliyemzaa ndiye ninayejua. Unamkumbuka fisi?"

Eveline alikuwa amesahau miaka mingi, lakini Bibi alipotaja tu, fisi akaja mzimamzima. Ni zile siku za shamba, familia zote zimehamia kwenye vibanda vya mpunga kuwinga ndege na kuvuna. Jua likishazama, watoto wa vibanda vyote walikuja kwao wakiruka matuta, wanakaa duara, wanasukumana. Baba yake anakohoa mara mbili, khoh, khoh, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Duara lote linanyamaza. Kisha anaanza. Fisi wake alikuwa na sauti ya mtu anayekula huku anaomba radhi. Tembo wake alisema polepole hadi usingizi unakushika. Mama mkwe wa sungura alikuwa Bibi Digna mtupu, na Bibi Digna mwenyewe alijua.

"Waliacha kuja lini wale watoto?" Bibi akauliza.

Eveline akafikiri.  "Lilipofunguliwa banda la video."

"Basi. Mwaka ule alikaa, akakohoa mara mbili, akatazama, yuko yeye na mbuzi." Bibi akatikisa ungo. "Wanaume wana wivu wa aina nyingi, mke mwenzangu. Wivu wa kunyang'anywa wanawake una dawa. Wa kunyang'anywa wasikilizaji sijauona kuuzwa popote."

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Nitajuaje mimi? Nina magoti mabovu. Nakwenda kulala."

*

Gosbert alikuwa mlangoni mwa banda, anaziba madirisha kwa magunia. Alipomwona Eveline, mikono ikasimama na gunia likamwangukia begani. Alimtazama namna mtu anavyotazama mto uliofurika: anaupenda, anauogopa, na ng'ambo anataka kufika.

"Mzee Fulgensi anakwenda kwenu saa kumi na moja," akasema.

"Najua."

"Ameniambia nisiweke matumaini. Anasema baba yako ana uso wa mlango uliopigwa komeo."

Eveline alinyoosha mkono, akamtoa gunia begani. Vidole vyake vikakawia pale kidogo kuliko kazi ya gunia ilivyotaka. "Gosbert, leo usimfanye baba."

Mambo yalikuwa hivi. Mkanda uliopendwa kuliko yote mwaka ule wa tisini na sita ulikuwa katuni ya Mzee Bata na Chura. Mzee Bata alikuwa na miwani, kizibao, na binti mmoja mwenye utepe kichwani. Chura alimtaka yule binti. Kila akija kuposa, Bata anampa mtihani: mara apande mlingoti, mara abebe jiwe. Jiwe linamwangukia anakuwa chapati, anajikung'uta, anarudi. Na sauti ya Mzee Bata, Gosbert aliichota kwa Mzee Raimundi. Kikohozi cha mara mbili na ile kauli ya "Sikilizeni, sitarudia", vyote Eveline alimfundisha mwenyewe kwenye meza ya cherehani, wakicheka mpaka machozi. Mji mzima ulimtambua bata yule. Hakuna aliyethubutu kumwambia katekista.

"Watu wamekuja kwa ajili ya bata huyohuyo," Gosbert akasema. "Na mzee yuko Lupiro."

"Hata hivyo. Leo mdomo wangu mchungu, naona dalili mbaya."

"Mara ya mwisho, Eveline. Jioni nikikubaliwa, ni mkwe wangu, sitamgusa."

"Na ukikataliwa?"

Gosbert akafikiri. "Nitakuwa chapati. Nitajikung'uta. Nitarudi."

Eveline akaingia ndani haraka, kwa sababu machozi ni machozi hata yakija na kicheko.

Banda lilijaa. Harufu ya jasho, ya karanga, ya mpunga mpya kwenye nguo za watu waliotoka mashambani. Giza lilikuwa la kutosha, isipokuwa nyuma kabisa, ambapo bati lilikuwa na tundu na mshale mmoja wa jua ulishuka mpaka benchi la mwisho. Gosbert akakaa kwenye kigoda, akashika mwanzi, mkanda ukaanza.

Bata akatokea na kizibao chake. "Kile kizibao kimekatwa vibaya kwapani," Eveline akanong'ona, kwa mazoea tu.

"Kila wiki," Stumai akasema.

Kioo kikaonyesha Chura anabisha hodi. Mzee Bata akatoka, akasimama mguu mmoja, na Gosbert akamtia sauti.

"Khoh, khoh. Sikilizeni, sitarudia. Nani kamwachia huyu mwenye tope miguuni aingie kwenye uwanja wangu?"

Banda likapasuka kwa kicheko. Na katikati ya kicheko kile, kutoka benchi la mwisho, kikaja kikohozi kingine.

Khoh, khoh.

Wengine walidhani ni mzaha wa mtu, wakazidi kucheka. Eveline hakucheka. Kikohozi kile alikuwa amekisikia miaka ishirini na miwili, nyuma ya milango na mbele ya altare. Akageuka polepole. Chini ya ule mshale wa jua kulikuwa na kofia ya pama, imewekwa juu ya magoti mawili. Juu ya magoti, kidevu. Juu ya kidevu, macho ya mtu aliyepaswa kuwa Lupiro.

Alikuja kutafuta sababu, Mzee Raimundi. Alitaka saa kumi na moja amjibu mshenga kwa ushahidi: nimekwenda, nimeona, huo ni upuuzi. Sasa ushahidi ulikuwa mbele yake na ulikuwa umevaa miwani.

Eveline akamgeukia Gosbert, akamkunjia uso kwa nguvu zake zote: nyamaza, badilisha, acha. Lakini Gosbert alikuwa amezoea kuusoma uso ule kwa njia moja tu. Eveline akikunja uso, chumvi haijatosha.

Akaongeza chumvi.

"Khoh, khoh, khoh," akakohoa Bata. "Mimi neno langu likitoka halirudi. Hata mwenyewe nikilitaka, silipati tena."

Eveline akatikisa kichwa, akafunga macho, akaweka kidole mdomoni. Kila alivyozidi kuonyesha, Gosbert akazidi kupendezwa. Bata akamsifu karani mmoja mwenye baiskeli ya dinamo. Bata akasema mkwe mwema ni yule asiyesema kitu, kama gunia. Stumai alikuwa amelala kwenye paja la jirani kwa kicheko. Eveline aliona maisha yake yanapita kwenye kioo kile, mbele ya watu sabini, na hana mkono wa kuyasimamisha.

Mwishoni Chura akapiga magoti. Mzee Bata akavua miwani, akafungua mdomo. Na hapo mkanda ukakatika, kama kawaida. Chenga nyeupe tupu kiooni. Aliyerekodi huko kwao aliishiwa mkanda, na Ifakara nzima hakuna aliyejua Bata alijibu nini. Watu waligombania mwisho ule hadi gulioni, na hapa bandani ilikuwa desturi kila mmoja autoe kwa kelele.

"Kakataa."

"Kakubali, si mmeona kavua miwani?"

"Kavua ili asimwone akilia."

"Kijana," ikasema sauti nyuma.

Haikuwa kubwa. Lakini ilikuwa sauti yenyewe, ya asili, na ile ya kigodani ilisikika ghafla kama sarafu ya bati. Mwanzi ukamponyoka Gosbert. Mzee Raimundi alikuwa amesimama, pama mkononi.

"Kaa chini, wewe," mtu akasema kutoka gizani nyuma yake, ukutani kabisa. "Unaniziba kioo."

Mzee Raimundi akageuka kama aliyepigwa. "Mama?"

"Kumbe Lupiro imehamia huku," Bibi Digna akasema. "Mimi nikijua iko ng'ambo ya mto."

"Mama, si ulisema unakwenda kulala?"

"Nimelala. Naota."

Hata hapo watu walijizuia. Wengine waliuma kanga. Mzee Raimundi akamwacha mama yake, kwa kuwa huko hakujawahi kumpatia ushindi, akarudi kwa Gosbert.

"Shikamoo, mzee," Gosbert akasema. Sauti zake zaidi ya ishirini zilikuwa zimemkimbia, amebaki na moja nyembamba.

"Nani kakufundisha kukohoa?"

Gosbert akainuka kigodani. Alimtazama Mzee Raimundi, na hata mara moja hakutazama benchi la pili. "Ni mimi mwenyewe, mzee. Nimekukosea."

Eveline akaona: pale angeweza kunyamaza. Angenyamaza, angerudi nyumbani msichana mwema, na saa kumi na moja barua ingerudi kwa Mzee Fulgensi na jibu la mlango wenye komeo. Akasimama.

"Anasema uongo, baba. Nimemfundisha mimi."

"Wewe."

"Mimi. Na sasa hivi ndiyo nimejua nilimfundisha vibaya." Alikuwa mtu wa maoni, na mtu wa maoni akishaanza hasimami. "Mkanda huu nimeuona mara tisa, baba. Mara tisa huyu Bata ananiudhi, na nilifikiri ni kizibao. Si kizibao. Ni sauti. Gosbert anamfanya mkali tu, mwanzo hadi mwisho. Anakohoa kama mtu anayekataza. Lakini ulipokuwa unakohoa mara mbili kule shambani, hukuwa unakataza. Ulikuwa unaanza."

 Kofia ilizunguka mkononi mwa Mzee Raimundi, robo duara, ikarudi.

"Yeye hakukusikia, baba. Alikulia Mahenge huko, hakukaa kwenye duara lako. Anaigiza bata asiyemjua. Mimi nilimjua, na nikamsahau."  "Hakuna fisi kwenye mikanda yote hii aliyemfikia fisi wako. Wote wanachekewa na watu wa nyuma ya ukuta. Wako tulimcheka wenyewe."

 Kisha mwanamke mmoja, mtu mzima na mtoto mgongoni, akasema, "Mimi nilikuwapo. Nilikaa karibu na mbuzi."

"Na mimi," akasema mwanamume wa benchi la tatu. "Sikulala siku mbili kwa ajili ya yule fisi. Shikamoo, mzee."

"Shikamoo, mzee," sauti zikaitikia huku na huku, na Mzee Raimundi akatazama nyuso zile kwenye mwanga mweupe wa chenga, moja baada ya nyingine. Vijana, mama wa watoto, wavuvi wenye ndevu. Alikuwa anawahesabu watoto wake wa duara. Walikuwa wamekua, na wote walikuwa hapa.

Akatembea kwenda mbele. Watu walikunja miguu kumpisha. Alipofika kwenye kigoda aliinama, akaokota mwanzi.

"Rudisha nyuma," akasema.

"Mzee?"

"Huo mkanda. Rudisha pale anapobisha hodi. Wewe msemee huyo Chura wako. Bata niachie mimi."

Deki ikakoroma, picha zikakimbia kinyumenyume. Gosbert akasimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu aliye mbele ya wakwe, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Chura akabisha hodi.

Khoh, khoh. Na banda zima likanyamaza kama duara la shambani.

"Nani huyo anayenigongea," akasema Mzee Bata, na sauti ilikuwa nzito, ya uchovu kidogo, na ndani yake kitu kinachochekacheka kimejificha kama kuku chini ya tenga. "Mlango wangu hauna kosa lolote."

"Ni mimi, mzee. Chura."

"Nakuona. Unafanya kazi gani, Chura?"

"Kuongea, mzee."

"Kuongea. Mkulima anaongea na bado analima. Wewe ukishaongea unakula nini?"

Kwenye kioo jiwe likamwangukia Chura. "Ninakula hivi, mzee," Gosbert akasema kwa sauti ya chapati, na watu wakaanguka kwenye mabenchi.

Mzee Raimundi hakucheka, ila mwanzi ulitikisika. "Nyanyuka. Nina swali lingine. Hapa uwanjani kwangu walikuwa wanakuja vifaranga vya majirani. Jua likizama wanakuja, wanakaa, wananisikiliza. Ulipokuja wewe na kelele zako hawakuja tena. Umewaficha wapi?"

Hapo kicheko kikakoma. Hata Stumai aliinua kichwa.

Kwenye kioo Chura alikuwa anapanda mlingoti na kuteleza. Gosbert hakumtazama. Alimtazama mzee, na akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyokuwa hamsemei mtu yeyote kwayo.

"Sikuwaficha, mzee. Sikujua wana mwenyewe. Hawa hapa. Na kigoda hicho, tangu sasa, Jumapili ni chako. Mimi nitakaa chini nisikilize. Nami sijamsikia fisi."

Chura akapiga magoti. Mzee Bata akavua miwani, akafungua mdomo. Na chenga zikaja, fyuuu, nyeupe, kama siku zote.

Hakuna aliyepiga kelele ya mwisho. Watu sabini walitazama kioo kisicho na kitu. Eveline aliushika mkono wa Stumai mpaka mifupa ikalia.

Khoh, khoh.

Sauti ya Bata ikatoka pasipo na bata.

"Sikilizeni, sitarudia. Binti yangu ana mdomo. Kila kitu ana neno juu yake, chakula, mavazi, mahubiri ya baba yake. Nilimtafutia mume asiyesema, nikifikiri nyumba itakuwa na amani. Lakini nimeona leo: mdomo ule hautaki gunia. Unataka mtu wa kumjibu." Akashusha mwanzi, na alipoendelea, sauti ilikuwa imebaki ya Raimundi tu. "Chura, mwambie mshenga wako leo asije kwa unyonge. Aje akiwa amenyoosha shingo. Na afike na njaa, mama yangu atapika ubwabwa wa mchele mpya, akishaamka."

"Nimeamka," Bibi Digna akasema, na kigelegele alichokipiga kilitikisa bati lenye tundu.

Banda likalipuka. Magunia yalivutwa madirishani, jua likaingia lote kwa pamoja, watu wakarukiana. Gosbert akapiga magoti halisi, na Mzee Raimundi akamwinua kwa kola, akimwambia kwa ukali kwamba mtu haanzi kukohoa na hewa ya juu, hewa inatoka tumboni, yeye alikuwa anakohoa kama mwenye vumbi.

Walitoka hivyohivyo. Njia nzima ya kurudi Lumemo baba mkwe na mkwe walitangulia, baiskeli inasukumwa katikati yao, wanabishana juu ya sauti ya Bata wakamsahau hata bibi harusi. Eveline alifuata nyuma, amemshika Bibi mkono, ingawa magoti ya Bibi siku ile hayakuonekana kuhitaji mtu.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema, "umepata mume, au umempatia baba yako rafiki?"

"Sijui, bibi."

Penye kona ya mfereji Gosbert akabaki hatua moja nyuma ya mzee. Akageuka. Jua lilikuwa usoni pake, na shingo yake ndefu ilikuwa imenyooka kama ya mshindi. Akamtazama Eveline, na midomo yake ikasema maneno mawili matatu bila sauti hata moja kati ya zile zaidi ya ishirini.

Eveline aliyaelewa yote. Joto likampanda kutoka kisigino kilichopakwa mafuta mpaka masikioni.

"Kasemaje?" Bibi akauliza. "Macho yangu hayafiki."

"Kasema vizuri," Eveline akasema. "Ila kaharakisha mwishoni. Nitamwambia arudie."